Sekunde 30 za New Jersey, stima ya Mkomani

Mtu akibonyeza kitufe cha kuhifadhi, kompyuta humjibu papo hapo kwamba kazi imehifadhiwa. Wakati wa jibu hilo, mara nyingi, diski haijaguswa. Maandishi yamenakiliwa tu kutoka sehemu moja ya kumbukumbu hadi nyingine, na kumbukumbu hiyo huishi kwa stima. Ikikatika, kila kilichomo kimekwenda. Kazi ya kuyafikisha kwenye diski, ambako yatabaki hata umeme ukizimwa mwezi mzima, ameachiwa mfanyakazi asiyeonekana kwenye kioo. Mafundi humwita uzi wa nyuma. Hulala ndani ya mfumo, huamka kila baada ya sekunde kadhaa, hukusanya vilivyobadilika, huviandika, kisha hulala tena.

Muda anaolala mfanyakazi huyo uliamuliwa na watu, mahali fulani, kwa hesabu za mahali hapo. Walioupanga walikuwa Marekani katika miaka ya 1970, nasi tunaoishi Mkomani tumeurithi kama ulivyo. Naona historia yake inatuhusu kuliko inavyowahusu wengi wanaoiandika, kwa kuwa hapa kwetu stima hukatika.

Mkomani ni wadi ya eneo bunge la Nyali, upande wa bara wa kaskazini wa Mombasa, ikitazamana na Mji wa Kale ng'ambo ya maji na ikipakana na Kongowea penye soko. Mna majumba ya ufuoni ambayo jenereta hujiwasha yenyewe, na mna nyumba za kupangisha ambazo giza likiingia watu hushika tochi za simu. Maduka ya kupiga chapa, saiba, zahanati, maduka ya dawa, mawakala wa M-PESA: kila mmoja ana mashine inayoandika kitu ambacho mtu mwingine atakihitaji kesho.

Kazi ya kuyatoa mambo mahali yanapoweza kupotea na kuyaweka yatakapobaki ilianza pwani hii kabla ya kompyuta kuwazwa. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mkewe Rosina alifariki Julai mwaka huohuo akazikwa upande huu wa bara. Kamusi ya Kiswahili ambayo Krapf alianza kuikusanya wakati ule ilichapwa London mwaka 1882, mwenyewe akiwa amefariki mwaka mmoja kabla. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyekufa karibu mwaka 1840, yalikaa vifuani mwa watu kwa miongo hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alipokaa na mmishonari W. E. Taylor wakayaandika katika miaka ya 1880. Sikujua alifariki mwaka 1890. Kazi hiyo ingecheleweshwa miaka michache tu, sehemu kubwa ya Muyaka isingekuwako kwenye diwani iliyotolewa mwaka 1940. Kilichozeeka kichwani bila kuandikwa ndicho kilichookolewa kwanza, na huko mbele tutaona mashine nayo ikipewa kanuni hiyohiyo.

Lakini kumbukumbu ya mashine haizeeki kama ya binadamu. Hufa mara moja, pamoja na stima, kwa hiyo ni haki kusema kidogo juu ya stima yenyewe. Kwa simulizi rasmi ya Kenya Power, chanzo chake ni jenereta aliyoinunua Sultani Barghash wa Zanzibar mwaka 1875 kuangaza kasri lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliichukua, ikazaliwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ya Nairobi ziliunganishwa kuwa East African Power and Lighting, na mwaka 1983 jina likabadilishwa kuwa Kenya Power and Lighting. Mombasa, basi, ina zaidi ya karne moja ya taa za umeme, na bado hakuna anayeshangaa zikizimika. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, yapata saa 3:45 usiku, gridi ya taifa iliporomoka, hata uwanja wa ndege wa Nairobi ukakosa taa. Hizo ndizo zilizotangazwa duniani. Za mtaa mmoja, za dakika tano, za transfoma iliyolipuka mvua ikinyesha, haziandikwi gazetini, nazo ndizo zinazoua mafaili mengi zaidi.

Sasa twende New Jersey. Mwaka 1969, katika maabara za Bell, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo uliokuja kuitwa Unix, kwanza kwenye mashine ya PDP-7, kisha kwenye PDP-11. Diski za mashine hizo zilikuwa ndogo na nzito. Diski ya RK05, iliyotumiwa sana na PDP-11, ilibeba takriban megabaiti 2.5, na kuifikia sehemu yoyote yake kulichukua wastani wa milisekunde 70. Kumbukumbu ya mashine hiyohiyo ilijibu kwa muda wa takriban mikrosekunde moja. Pengo hilo ni la makumi ya maelfu. Kama kila herufi ingesubiri diski, watu kadhaa waliokuwa wakiitumia mashine moja kwa zamu za haraka wangekaa wakiitazama tu.

Suluhisho lao lilikuwa kutenga sehemu ya kumbukumbu iwe baraza ya kungojea. Programu ikiandika, mfumo hupokea maandishi, huyaweka barazani, humwambia mwenyewe kwamba imekwisha, na kuendelea na shughuli nyingine. Faida yake ni kubwa, kwa sababu faili nyingi hubadilishwa mara kadhaa ndani ya dakika moja, na nyingine huundwa na kufutwa kabla ya nusu dakika kupita. Za namna hiyo hazifiki diskini kabisa, na hakuna aliyepungukiwa. Ila kilichoko barazani lazima kitolewe siku moja. Ndipo ikaandikwa programu fupi sana iitwayo update. Inavyoelezwa katika mwongozo wa toleo la 7 la Unix, la mwaka 1979, kazi yake ni moja tu: kila sekunde 30 huita amri ya sync, inayoamuru vyote vinavyosubiri viandikwe. Iliwashwa mashine inapoamka na haikuguswa tena.

Sekunde 30 zilikuwa kadirio la watu wenye busara. Ukipunguza sana, unapoteza ile faida ya kungoja. Ukirefusha sana, mashine ikianguka hasara ni kubwa. Katika ofisi za maabara ile, zenye umeme wa kutegemewa na fundi wa zamu, kupoteza nusu dakika ya kazi mara chache kwa mwaka kulivumilika.

Thompson hakuficha kasoro zake, na hilo ndilo linalonifanya nimheshimu. Katika makala yake ya mwaka 1978 juu ya jinsi Unix ilivyojengwa, aliandika wazi kwamba mfumo ukisimama ghafla, kuna maandishi mengi ambayo programu zinaamini yamekamilika wakati diski haijayapata, na kwamba kuita sync mara kwa mara kunapunguza tatizo hilo bila kulimaliza. Akaongeza jambo la pili ambalo wengi walilipita haraka: kwa vile uandishi hufanyika baadaye, nyuma ya pazia, kosa likitokea wakati huo ni vigumu mno kumfikishia habari aliyeandika, maana yeye alikwisha kuambiwa kuwa mambo ni salama. Liweke jambo hilo akilini. Lilikuja kudai deni lake baada ya miaka 40.

Kizazi cha mafundi cha wakati ule kilijijengea ada. Kabla ya kuzima mashine waliandika sync, kisha sync tena, kisha mara ya tatu. Amri hiyo hurejea kabla diski haijamaliza, na ule muda wa kuiandika mara tatu kwa mkono uliipa diski nafasi ya kupumua. Mashine ikizimika bila ada hiyo, mfumo wa mafaili uliamka ukiwa umevurugika: faili lipo kwenye orodha na halipo diskini, au vipande vya diski vimehesabiwa kuwa vya mafaili mawili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 T. J. Kowalski aliandika programu ya fsck, inayopita diski nzima ikitafuta na kurekebisha migongano hiyo. Diski zilipokua, fsck ikawa ya kungojwa kwa saa nzima. Waliowahi kuisubiri asubuhi baada ya stima kukatika usiku, wateja wamejipanga mlangoni, wanajua uchungu wake.

Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilichukua hatua iliyofuata. Toleo la 4.2 la Unix yao, la mwaka 1983, lilileta amri ya fsync, inayomwezesha mwenye programu kusema: faili hili moja liandikwe sasa, nami nitangoja hadi liwe diskini. Mwaka 1984 Marshall Kirk McKusick na wenzake wakaeleza mfumo wao wa mafaili wa haraka, ambao ulihakikisha taarifa za muundo, yaani majina na ramani za mafaili, zinaandikwa kwa mpangilio salama bila kumsubiri mfanyakazi wa nyuma. Yaliyomo ndani ya mafaili yaliachwa yasubiri zile sekunde 30. Walichagua kuokoa nyumba kabla ya vyombo, na nadhani walichagua sawa.

Mwaka 1994 Jeffrey Mogul, mtafiti wa kampuni ya DEC, aliutazama upya ule mtindo wa kumwaga vyote kila nusu dakika. Aliona kwamba unaikalisha diski bure kwa sekunde nyingi kisha unaipakia mzigo wote kwa mpigo, na anayetaka kusoma kitu wakati huo hukwama nyuma ya foleni. Pendekezo lake lilikuwa kwamba kila kipande kiwe na umri wake. Kilichotimiza umri kiandikwe, na kilicho kichanga kingoje zamu yake. Kwa njia hiyo kazi inatawanyika, na kikongwe hutangulia. Hiyo ndiyo kanuni niliyoitaja penye habari za Sikujua na Taylor.

Kompyuta za mezani, ambazo ndizo watu wengi wa Mombasa walizikuta kwanza, zilipitia somo hilohilo kwa maumivu. Machi 1993 Microsoft ilitoa MS-DOS 6.0, na ndani yake programu ya SmartDrive iliyoharakisha diski kwa kuchelewesha uandishi kwa sekunde chache. Watu waliokuwa wamezoea DOS walijua desturi moja: alama ya kusubiri amri ikirudi kwenye kioo, kazi imekwisha, zima mashine uende nyumbani. Walizima, na mafaili yakaharibika. Novemba mwaka huohuo toleo la 6.2 likarekebisha, alama ile isirudi mpaka diski ipokee kila kitu. Naona kisa hiki kina uzito kuliko umaarufu wake. Microsoft ilikuta watu wana imani juu ya maana ya ishara moja kwenye kioo, ikaibadilisha maana ile kimyakimya, kisha ikalazimika kuirudisha.

Flashi zilipokuja, hadithi ilijirudia kwenye kila saiba ya Kongowea na Kisauni. Mwanafunzi ananakili kazi yake, kioo kinasema imekamilika, anachomoa, anafika chuoni faili halifunguki. Onyo la kuitoa flashi kwa njia salama lilikuwepo pembeni mwa kioo, dogo, kwa lugha asiyoisoma kwa raha, wala halikumweleza kwamba nyuma yake kuna mfanyakazi ambaye hajamaliza. Mwaka 2018, katika toleo la 1809 la Windows 10, Microsoft iligeuza mpangilio wa kawaida, ili vifaa vya kuchomeka visicheleweshewe maandishi. Kasi ilipungua kidogo. Hatua hiyo ingefaa kuchukuliwa miaka 15 kabla.

Mfumo ambao leo unabeba seva nyingi za dunia ulianza mwaka 1991, Linus Torvalds alipotoa Linux akiwa mwanafunzi Helsinki. Mwanzoni Linux nayo ilitumia programu ya nje iitwayo update, kwa jina na kwa tabia. Baadaye kazi ikaingizwa ndani ya keneli, kiini cha mfumo, kama uzi ulioitwa kupdate. Katika toleo la 2.6 la Desemba 2003, kundi la nyuzi liitwalo pdflush, kazi ya Andrew Morton, lilichukua nafasi yake, likiongezeka na kupungua kufuatana na mzigo. Tabu ya pdflush ilikuwa kwamba nyuzi zake zilikuwa za wote. Diski moja ya polepole iliweza kuzishika zikasahau diski nyingine. Jens Axboe aliliondoa hilo katika toleo la 2.6.32 la Desemba 2009, kila diski ikapewa mfanyakazi wake.

Mwaka huo wa 2009 ulikuwa wa pekee kwetu pia. Mwezi Juni mkongo wa TEAMS, kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulitua Mombasa, na Julai ule wa SEACOM ukaanza kazi. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea satelaiti kwa mawasiliano ya intaneti na dunia, kwa bei kali na mwendo wa kuchosha. EASSy ilifuata mwaka 2010, na mwaka 2022 mkongo wa PEACE ulitua ufuoni Nyali, mwendo mfupi kutoka hapa ninapoandika. Mikongo ilivuta vituo vya data, kikiwemo cha iColo kule Miritini. Hivyo ufuo uliokuwa mwisho wa waya umekuwa mahali ambapo data za watu zinalala, na seva zinazozilaza huendesha, kwa sehemu kubwa, Linux.

Ukifungua Linux iliyowekwa leo utakuta namba mbili za kawaida, zinazohesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde. Ya kwanza ni 500, yaani sekunde 5, muda anaolala mfanyakazi wa nyuma kati ya zamu na zamu. Ya pili ni 3000, yaani sekunde 30, umri ambao maandishi yakiufikisha lazima yaandikwe. Ni kanuni ya umri kama ile ya Mogul, na ni nusu dakika ileile ya maabara za Bell. Diski zimebadilika mara maelfu tangu hapo. Kadirio la New Jersey liko palepale.

Mafundi wa Linux walijaribu kupunguza hatari kwa njia nyingine. Mfumo wa mafaili wa ext3, kazi ya Stephen Tweedie, uliingizwa kwenye keneli mwaka 2001 ukiwa na daftari la awali: mabadiliko huandikwa kwanza kwenye daftari, kwa kawaida kila sekunde 5, na mashine ikizimika ghafla husoma daftari badala ya kukagua diski nzima. Saa nzima ya fsck ikawa sekunde chache. Watu wakazoea usalama wa ext3, mpaka mrithi wake, ext4, alipokuja na tabia ya kuahirisha zaidi. Mapema mwaka 2009 watumiaji wakaanza kulalamika kwamba mashine zao zikianguka, mafaili ya mipangilio huamka yakiwa na jina bila chochote ndani. Theodore Ts'o, aliyesimamia ext4, alijibu kwamba kwa kanuni za Unix kosa lilikuwa la waandishi wa programu: hawakuita fsync. Alikuwa sahihi kwa kanuni. Bado naona upande wa walalamikaji ulikuwa na haki, kwa sababu miaka minane ya sekunde 5 ilikuwa imewafundisha kutegemea jambo ambalo hakuna mahali liliandikwa kama ahadi. Ts'o mwenyewe aliongeza kinga kwenye keneli kwa visa vilivyokuwa vya kawaida zaidi.

Fedha haziwezi kuishi kwa utaratibu huo. Safaricom ilianzisha M-PESA Machi 2007, na kwa miaka minane ya mwanzo seva zake kuu zilikuwa nje ya nchi. Zililetwa Kenya Aprili 2015. Mama muuza mboga wa Kongowea anapopokea ujumbe kwamba shilingi mia tano zimeingia, hukabidhi mchicha na mteja huondoka. Kama ujumbe ule ungetumwa huku hesabu ikiwa bado barazani, kisha mashine ikazimika, mboga zimekwenda na fedha hazipo popote. Kwa hiyo mfumo wowote wa fedha unaostahili jina hilo huandika kwanza, hungoja diski ikiri, ndipo husema. Jim Gray alilieleza sharti hilo kwa ufasaha mwaka 1981 katika makala yake juu ya miamala: kilichokubaliwa kisipotee hata mashine ikianguka sekunde hiyohiyo. Waswahili walikuwa na msimamo huo dukani tangu zamani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Zahanati ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Mfumo wa KenyaEMR, uliojengwa juu ya OpenMRS na kutumiwa katika vituo vingi vya afya kuweka kumbukumbu za wagonjwa, huendeshwa mara nyingi kwenye kompyuta iliyo ndani ya kituo chenyewe, na hifadhidata yake ni MySQL. Humo mna mpangilio mmoja wenye chaguo tatu. Kwa kawaida umewekwa 1, maana yake kila badiliko hufikishwa diskini kabla ya jibu kutolewa. Ukiwekwa 0 au 2, uzi wa nyuma ndio unaofikisha, takriban mara moja kila sekunde. Mashine inakuwa nyepesi, na anayeisimamia husifiwa kwa kuiponya. Katika jengo lenye jenereta ya kujiwasha na betri nzuri, uamuzi huo unaweza kutetewa. Katika kituo ambacho betri ya UPS ilikufa mwaka juzi, sekunde moja inatosha kupoteza kipimo cha mgonjwa aliyekwisha kwenda nyumbani.

Deni alilolitaja Thompson lilifika mwaka 2018. Craig Ringer, mmoja wa wajenzi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alifuatilia kisa cha data kupotea, akakuta jambo la kutisha. Uzi wa nyuma wa Linux ukijaribu kuandika ukurasa, diski ikakataa, keneli iliweza kuutia ukurasa ule alama kwamba ni safi, kana kwamba umeandikwa. PostgreSQL ikiita fsync ilipata habari ya kosa mara moja, au isiipate kabisa kama faili lilifunguliwa upya baada ya kosa. Ikijaribu tena, ilijibiwa kwamba kila kitu kiko sawa. Data ilikuwa imetoweka, na hakuna aliyebaki mwenye kujua. Kwa takriban miaka 20 PostgreSQL ilikuwa imejengwa juu ya imani kwamba kurudia kunatosha. Februari 2019 marekebisho yalitoka: fsync ikishindwa, hifadhidata isimame yenyewe kwa nguvu na kuanza upya kutoka daftari lake, kwa sababu kusimama ni salama kuliko kuendelea na uongo. Takwimu za afya za Kenya tangu mwaka 2011 zimekusanywa katika mfumo wa DHIS2, ambao hutumia PostgreSQL. Kwa hiyo habari hiyo ilikuwa yetu, japo sikuona gazeti lolote la kwetu likiipa nafasi.

Simu zimetupunguzia hofu kwa sehemu. Betri iko ndani, stima ya mtaa ikikatika simu haijui, na uzi wa nyuma unapata muda wake wote. Pengine ndiyo sababu vijana wengi wa hapa hawajawahi kuipoteza insha nzima. Lakini duka, shule na zahanati bado huendeshwa kwa kompyuta za mezani zilizonunuliwa zikiwa zimetumika, na huko kadirio la zamani bado lina meno. Anayezisimamia, kama zinaendesha Linux, ana uwezo wa kuibadilisha ile 3000 iwe 500, na ile 500 iwe 100, kwa mistari miwili katika faili moja la mipangilio. Diski itafanya kazi kidogo zaidi. Kwa mashine ya mapokezi inayoandika kurasa chache kwa saa, hakuna atakayeitambua tofauti mpaka siku giza litakapoingia.

Linabaki jambo la mwisho, ambalo haliko mikononi mwa keneli. Diski za kisasa zina kumbukumbu yao wenyewe ndani, nazo zinaweza kukiri kuwa zimeandika wakati maandishi bado yako humo. Zile zinazotengenezwa kwa ajili ya vituo vya data huwa na kapasita ndogo kwenye bodi, zinazohifadhi umeme wa kutosha kumalizia kuandika baada ya waya kukatika. Za bei rahisi zinazouzwa Mombasa mjini kwa kawaida hazina, na maelezo ya boksi hayasemi. Anayenunua diski ya kuwekea kumbukumbu za wagonjwa amuulize muuzaji kama ina kinga ya kukatika kwa umeme, aombe kuoneshwa karatasi ya kiwanda inayotaja kinga hiyo, na akikosa jibu, atafute diski nyingine au anunue betri ya UPS kabla ya kuiwasha.